Kutoka Jinja hadi Gangotri: jinsi Wahindu wa Afrika Mashariki walivyopanga safari ya kwenda kwenye chanzo cha mto wao

MAVIVI, Beni – Mvua ikinyesha usiku na mawingu yakitawanyika alfajiri, mkaaji wa Mavivi akitazama mashariki anauona mlima Rwenzori ukiwa na weupe kichwani. Weupe huo Wanande, na ndugu zao Wakonzo wa ng'ambo ya mpaka, wanauita Nzururu. Wazee wanasimulia kwamba huko juu ndiko makao ya Kitasamba, mwenye mlima, na kwamba mtu hapandi kwake ovyo ovyo. Maji ya barafu hiyo yanaishia Semliki, hata yale yanayoshukia upande wa Uganda: yanapita Ziwa George na Ziwa Edward, yanatokea Ishango, na kutoka hapo Semliki inayabeba mpaka Ziwa Albert na Mto Nile.

Kwa hiyo habari ya watu wanaoheshimu mlima wa theluji na mto unaozaliwa ndani yake haiwezi kuwa ngeni hapa. Watu wa habari hii ni Wahindu, na mlima wao uko mbali sana, Himalaya, kaskazini mwa India. Lakini sehemu kubwa ya habari yenyewe ilitokea karibu na sisi, Zanzibar, Mombasa, Kampala na Jinja, nayo inahusu watu ambao zaidi ya mara moja walifukuzwa mahali walipojenga.

Kwanza maneno mawili yasichanganywe. Mhindi ni mtu wa asili ya India, awe Mwislamu, Mkristo, Singasinga au mwingine. Mhindu ni mfuasi wa dini ile ya kale ya India. Huko pwani wazee walimwita Banyani. Wanajeshi wa India na Nepal waliofika Kivu Kaskazini na Ituri chini ya MONUC, kisha MONUSCO, wengi wao ni wa dini hiyo. Mtu aliyewaona wakipita kwa magari meupe kwenye barabara ya Oicha alikuwa anawaona watu ambao kwao mto si maji tu. Mto Ganga kwao ni mama, tena mama mwenye jina na hekalu, na ana mahali alipozaliwa.

Mahali hapo panaitwa Gangotri. Hekalu liko kwenye bonde jembamba, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya kimo cha Butembo. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Amar Singh Thapa, jemadari wa Wagorkha kutoka Nepal, wakati jeshi lao lilipotawala milima ile. Barafu yenyewe iko mbele zaidi, mwendo wa miguu wa kilomita karibu 18, mahali panapoitwa Gaumukh, yaani mdomo wa ng'ombe. Mto unatokea hapo chini ya ukuta wa barafu, ukiwa na rangi ya kijivu na kelele nyingi. Huko juu hauitwi Ganga bado. Unaitwa Bhagirathi, na jina hilo ndilo linaloeleza kwa nini watu wanakwenda.

Hadithi ni hii. Mfalme Sagara alikuwa na wana 60,000. Farasi wa baba yao alipopotea walimshutumu mtawa mmoja, Kapila, kwamba ndiye mwizi. Mtawa akafumbua macho kwa hasira, wote wakateketea. Yakabaki majivu, bila maombolezo wala mazishi, na roho zao zikakosa njia. Vizazi vikapita. Mwisho mmoja wa uzao wao, Bhagiratha, aliacha kiti cha ufalme akapanda milimani, akafunga na kuomba miaka na miaka ili mto wa mbinguni ukubali kushuka uyaoshe majivu ya wazee wake. Mto ukakubali, lakini ungeshuka kwa nguvu zake zote ungepasua dunia, basi Shiva akaupokea kwanza katika nywele zake na kuuachia kidogo kidogo. Bhagiratha akatangulia, mto ukamfuata mpaka baharini, na wafu wakapumzika.

Familia iliyotoka Eringeti au Mayi-Moya usiku, ikawaacha ndugu nyuma bila kilio na bila kaburi linalojulikana, haihitaji kueleweshwa sana hadithi hii. Ni hadithi ya mjukuu anayelipa deni la wafu ambao hawakuzikwa. Ndiyo maana Mhindu anapofariki huchomwa, na watu wake huhangaika mpaka majivu yafike kwenye mto. Na ndiyo maana wengi hutamani, angalau mara moja katika maisha, kufika pale mto ulipoanzia.

Sasa fikiria Mhindu wa Zanzibar katika karne ya 19. Wengi walitoka Kutch na Kathiawar, magharibi mwa India. Wabhatia na Walohana walikuwa wafanyabiashara wakubwa kisiwani, na kwa miaka mingi ushuru wa forodha wa Sultani ulikuwa mikononi mwa Mbhatia, Jairam Shivji, na watu wake. Mali walikuwa nayo. Kilichowabana ni bahari. Wakubwa wa dini walifundisha kwamba mtu anayevuka bahari, waliyoiita maji meusi, anachafua usafi wa ukoo wake. Ndiyo maana kwa muda mrefu Wabhatia wengi waliacha wake zao Kutch na kuja peke yao. Aliyerudi ilimpasa kutakaswa, na maji ya Ganga yalikuwa na sehemu katika utakaso huo.

Safari ilipangwa kwa kufuata pepo. Majahazi yalikwenda India kwa upepo wa kusi na kurudi Afrika kwa kaskazi, unaoanza kuvuma mwezi wa Desemba. Hekalu la Gangotri nalo lina majira yake: milango hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, siku ya Akshaya Tritiya, na kufungwa Oktoba au Novemba, wakati wa sikukuu ya Diwali, kabla theluji haijafunika bonde. Ukiziweka kalenda hizo mbili pamoja unaona ugumu wake. Jahazi lililotweka tanga Zanzibar mwezi wa Aprili lilifika Kutch wakati joto limepamba moto, na kabla msafiri hajavuka nchi nzima kwenda kaskazini mvua kubwa zilikuwa karibu kuanza, zile zinazoporomosha milima kuanzia Julai. Ilimbidi angojee Septemba. Akipanda Septemba na kushuka Oktoba, angeweza kuwahi kaskazi ya kurudi dukani kwake. Hesabu yote ikienda sawa, ni karibu mwaka mzima mbali na biashara. Isipoenda sawa ni miaka miwili.

Na hapo hakuna barabara. Kutoka Haridwar na Rishikesh, mahali mto unapoiacha milima, watu walikwenda kwa miguu wiki kadhaa. Waliolala njiani walilala kwenye vibanda vya wenyeji, mpaka mwishoni mwa karne ya 19, mtawa mmoja aliyejulikana kwa jina la Baba wa Blanketi Jeusi, Kali Kamli Wala, alipoanza kuchangisha fedha kwa matajiri wa tambarare na kujenga nyumba za bure za mahujaji kando ya njia. Matajiri wale wengi hawakuwahi kulala kwenye nyumba hizo, na maskini walizilala bila kujua nani alilipa.

Mzee aliyeanza safari hiyo aligawa mali yake kwanza. Alilipa madeni, akaaga kama mtu asiyerudi. Wakatoliki wa hapa wanaokwenda Namugongo kila Juni 3 wanajua uchovu wa njia, lakini wanajua pia kwamba wiki ijayo watakuwa nyumbani. Kwa watu wa zamani wa Gangotri, kurudi kulikuwa zawadi.

Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kuunganisha Zanzibar na Bombay mwaka 1872, na pepo zikapoteza amri yake. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, maelfu wakabaki, na nyuma yao wakaja wenye maduka, makarani na mafundi. Kufikia 1950 ndege za Air India zilitua Nairobi. Huko juu milimani, vita ya India na China ya 1962 iliifanya serikali ya India isukume barabara kuelekea mpaka kwa ajili ya askari wake, na mahujaji wakafuata matairi ya jeshi. Kutoka Uttarkashi hadi Gangotri ni kilomita 100 hivi, karibu mara mbili ya Beni hadi Butembo, na leo basi linafika karibu na mlango wa hekalu.

Lakini msafiri kutoka Afrika alikuwa na kituo kimoja ambacho hakukipita, na bado hakipiti: Haridwar. Pale kuna makuhani wanaotunza vitabu vya ukoo. Ni madaftari marefu membamba, yaliyoviringishwa na kufungwa kwa kamba, yenye majina ya vizazi vingi. Kila kuhani ana maeneo yake. Msafiri haulizwi anaishi wapi. Anaulizwa kijiji cha babu yake. Akitaja kijiji na ukoo, anapelekwa kwa mwenye daftari, na daftari likifunguliwa anaweza kukuta jina la babu wa babu, mwaka aliofika na nani alimsindikiza. Kisha naye anaandika: aliyefariki, aliyezaliwa, aliyeolewa. Mtoto wa Kisumu au Mwanza ambaye hajawahi kulala hata usiku mmoja katika kijiji cha Gujarat anakuta ukurasa unaomngojea.

Uzito wa madaftari hayo ulionekana mwaka 1947, India ilipogawanywa na Pakistan ikazaliwa. Mamilioni ya watu walihama, wengi wakiwa na nguo walizovaa tu. Wahindu wa Punjab ya magharibi walipoteza nyumba, mashamba na mahekalu, na vijiji vyao vikawa nchi nyingine ambayo hawakuweza kurudi. Lakini kurasa za vijiji hivyo zilibaki Haridwar. Mpaka leo mtu anaweza kutaja kijiji kilichoko Pakistan na kuhani akakitafuta rafuni. Katika mkoa ambako vyeti vya kuzaliwa huungua pamoja na nyumba, na ambako mpaka wa shamba unajulikana kwa ushuhuda wa mzee ambaye sasa analala kambini, jambo hilo linastahili kufikiriwa.

Kwa wale wasioweza kwenda, kuna Jinja. Mahatma Gandhi aliuawa Delhi tarehe 30 Januari 1948. Majivu yake hayakuwekwa mahali pamoja. Yaligawanywa na kumwagwa katika mito mingi, na mwaka huohuo sehemu yake ililetwa Uganda na kumwagwa katika Nile, karibu na Jinja, pale mto unapotoka Ziwa Victoria. Wahindu wa Jinja, mji wa viwanda na sukari, hawakuhitaji tena kusema kwamba mto wao mtakatifu uko mbali. Mwaka 1997 waziri mkuu wa India, I. K. Gujral, alizindua sanamu ya Gandhi mahali hapo. Nile ya Jinja nayo inaingia Ziwa Albert upande wa kaskazini, ziwa lilelile linalopokea Semliki kutoka kusini. Maji ya Rwenzori na maji yaliyopokea majivu ya Gandhi yanakutana humo.

Kuna kisa cha pembeni ambacho hakiwezi kuachwa, kwa kuwa kinachekesha. Mzungu John Hanning Speke, aliyefika kwenye maporomoko ya Jinja tarehe 28 Julai 1862, alichapisha katika kitabu chake ramani iliyodaiwa kutoka katika vitabu vitakatifu vya Wahindu, ikionyesha chanzo cha Nile na Milima ya Mwezi. Aliipata kwa Rigby, konseli wa Uingereza Zanzibar. Speke aliamini kwamba Wahindu walijua habari za Nile zamani kuliko wote. Kumbe ramani hiyo ilitoka kwa ofisa mmoja wa Kiingereza aliyeishi Benares, Francis Wilford, ambaye msomi wake wa Kihindi alikuwa akimtungia kurasa za uongo ili kumfurahisha, na Wilford mwenyewe alikuwa amekiri hadharani, zaidi ya miaka 50 kabla ya kitabu cha Speke, kwamba alidanganywa. Mtu akitaka sana kusikia jambo fulani, hakosi wa kumwambia. Hata hivyo, miaka 86 baada ya Speke kupita, Wahindu walifika hapohapo wakiwa na majivu halisi mkononi, na mto ukawa wao bila msaada wa ramani.

Halafu ikaja 1972. Tarehe 4 Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda waondoke, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Makumi ya maelfu walikwenda, wakiwemo waliozaliwa Jinja na Kampala na wasiojua nchi nyingine. Waliacha viwanda na maduka, wakaacha mahekalu, wakaacha pia ukingo wa mto walipowaaga wazazi wao. Wengi walifika Uingereza wakati wa baridi. Mji wa Leicester ulikuwa umelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus ukiwaomba wasije kwao, kwamba shule na nyumba zimejaa. Walikwenda hivyohivyo. Waliokimbilia Beni mjini, Oicha au Butembo wakasikia wenyeji wakinung'unika juu ya bei ya unga na kodi ya nyumba wataitambua sauti ya tangazo lile.

Sehemu ya mwisho ya kisa hicho haisimuliwi sana. Wazee waliofukuzwa walianza kufariki Leicester, na watoto wao wakakabiliwa na swali lilelile la Bhagiratha: majivu yapelekwe wapi? Wenye uwezo walipanda ndege na kuyapeleka Haridwar. Wengine hawakuweza, kwa ajili ya nauli, kazi, au ugonjwa. Baadaye sehemu ya Mto Soar, karibu na Leicester, ilianza kutumika kwa kazi hiyo kwa ruhusa. Soar ni mto mdogo wa tambarare, hauna theluji wala hekalu. Kuhani huongeza maji ya Ganga kidogo, anasoma maombi, na mto unahesabiwa. Wengine Uganda iliwaita tena baada ya 1986, wakafungua milango ya mahekalu yao, na Jinja ikapata tena watu wake.

Anayepanga safari ya Gangotri leo kutoka Kampala au Nairobi hahesabu pepo, lakini bado anahesabu. Anaangalia siku ya kufunguliwa. Anaukwepa Julai na Agosti. Anaomba visa, anajiandikisha kwa serikali ya jimbo la Uttarakhand na kupewa namba, kwa sababu bila namba hiyo hapiti vizuizini. Wazee wanashauriwa kumwona daktari, kwani hewa nyepesi ya juu inaleta maumivu ya kichwa, kutapika, hata kifo kwa mwenye moyo dhaifu. Wanaambiwa walale Uttarkashi kwanza ili mwili uzoee. Anayetaka kufika Gaumukh penyewe anahitaji kibali kingine, na watu wanaoruhusiwa ni 150 kwa siku.

Masharti hayo yameandikwa kwa damu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Juni 2013, mvua na ziwa lililopasuka juu ya Kedarnath, hekalu jirani katika milima hiyohiyo, viliua maelfu ya watu. Serikali haikuweza hata kusema ni nani alikuwa njiani. Uandikishaji wa mahujaji ulianza baada ya hapo. Tarehe 5 Agosti 2025 maji na tope viliporomokea kijiji cha Dharali, kwenye barabara ya Gangotri, vikafukia nyumba na hoteli kwa dakika chache. Barafu yenyewe inarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, kama ile ya Rwenzori, ambayo imepoteza sehemu kubwa tangu Mtaliano, mtawala wa Abruzzi, alipofika kilele cha Margherita, mita 5,109, mwaka 1906.

Asiyeweza kwenda kabisa ana njia nyingine tangu 2016: posta ya India inauza maji ya Ganga kwenye chupa, mengine yakiwa yamechotwa Gangotri. Baadhi ya wazee wa dini walikasirika kwamba mama anauzwa kaunta moja na stempu. Wengi walinunua.

Na anayechelewa, akafika Novemba milango ikiwa imefungwa, hasafiri bure. Theluji inapokaribia, sanamu ya mungu wa kike Ganga huvishwa, hupandishwa kwenye machela na kubebwa kwa ngoma na tarumbeta hadi Mukhba, kijiji cha bondeni ambako wanatoka makuhani wa ukoo wa Semwal wanaolihudumia hekalu lake. Anakaa huko miezi yote ya baridi, katika hekalu la kijiji, na watu humtembelea hukohuko. Wanakijiji wanamhesabu kama binti aliyerudi kwa wazazi wake. Siku ya kumrudisha juu inapokaribia, wanawake wa Mukhba hutoka nje kumsindikiza.